Nyuzi Zipi kwa Gitaa la Jazi?

Swali: Nimepata gitaa la jazi, lile la kifua kilichobinuka, lenye pikapu moja karibu na shingo. Dukani wamenipa nyuzi za shaba. Zinafaa?

Jibu: Bila amplifaya zitalia vizuri. Ukichomeka waya ndipo utaona kasoro: pikapu ni sumaku, nayo huitikia chuma na nikeli, si shaba. Nyuzi nene zitafifia, na zile mbili nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, zitakupigia kelele. Tafuta za nikeli au, kwa maoni yangu bora zaidi, zilizozungushiwa utepe bapa. Hazikwaruzi vidole, na ndizo alizopigia Wes Montgomery kwenye Gibson L-5 yake. Bei imechangamka kidogo, ila zinadumu.

Anza na seti ya 12, uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa. Seti ya 9 haikandamizi kifua vya kutosha, sauti hukonda. Halafu usizifungue zote kwa pamoja! Daraja la magitaa mengi ya aina hii halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Badilisha mmoja mmoja, na kabla ya kuanza weka alama ya penseli kwenye mkanda wa karatasi pembeni mwa daraja.