Serifu katika Maandishi ya Kiswahili na Kisukuma: Mfano wa Mwakitolyo

1.0 Utangulizi

Mjadala wa othografia mara nyingi huishia katika uhusiano wa herufi na sauti, na umbo la herufi katika chapa huachiwa mpiga chapa. Makala haya yanadai kwamba umbo hilo lina athari katika usomaji. Tutachunguza Times New Roman, chapa iliyosimamiwa na Stanley Morison, ikachorwa na Victor Lardent, na kuanza kutumiwa na gazeti la The Times la London tarehe 3 Oktoba 1932. Mifano inahusu Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, ambako Kisukuma na Kiswahili hukutana katika machimbo ya dhahabu.

2.0 Serifu na Kiswahili

Serifu ni vijimkia vinavyomalizia mistari ya herufi. Katika Kiswahili, I kubwa hufuatwa na l ndogo katika maneno mengi yanayoanza sentensi: Ilani, Ilikuwa, Ilipofika. Katika Gill Sans, chapa ya mwaka 1928 isiyo na serifu, I, l na tarakimu 1 ni fimbo tupu. Times New Roman huitenga I waziwazi, ingawa l na 1 bado zinakaribiana. Aidha, chapa hiyo ni nyembamba, kwa kuwa ilikusudiwa safu za gazeti. Sifa hii inayafaa maneno marefu ya Kiswahili, kama vile wasipozingatia, ambayo huacha mapengo katika safu finyu.

3.0 Serifu na Kisukuma

Kisukuma kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano tu za irabu. Katika unukuzi wa kifonetiki, mojawapo ya irabu hizo huandikwa ɪ, alama ambayo utambulisho wake ni serifu zenyewe. Zikiondolewa, hubaki fimbo inayodhaniwa kuwa l, au i iliyopoteza nukta. Mtafiti anayenukuu majina ya mahali kwa chapa isiyofaa hupoteza tofauti ya irabu, na msomaji wa baadaye hawezi kuirejesha. Kwa kazi hiyo ipo Doulos SIL, chapa inayoshabihi Times na yenye alama za kifonetiki.

4.0 Mipaka ya matumizi

Haifuati kwamba serifu zinafaa kila mahali. Mistari myembamba ya Times hufifia ikisomwa kwa mbali au ikifunikwa na vumbi. Kwa hiyo, ilani ya zebaki au ya duara lililofungwa huko Mwakitolyo inahitaji herufi nene zisizo na serifu, mradi I, l na 1 zitofautiane. Namba ya duara ikisomwa vibaya, mchimbaji anaweza kuingia pasipostahili.

5.0 Hitimisho

Uteuzi wa chapa ni sehemu ya othografia. Tunapendekeza tasnifu zitaje chapa iliyotumika katika unukuzi, na wanafunzi wafundishwe kuijaribu kwa I, l, 1 na ɪ kabla ya kwenda uwandani.