Somo la Nyumbani: Jiko la Gesi Lipatapo Hitilafu



Katika masomo yetu tumezoea kusema habari za mikarafuu, jinsi ya kuchuma bila kuvunja matawi, na jinsi ya kuanika karafuu isipate mpeta. Leo naomba ruhusa tuingie jikoni. Mtungi wa gesi umekwisha kuwa mgeni wa kawaida katika nyumba zetu, visiwani na mrima. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mtungi umo katika hesabu hiyo. Lakini wengi wetu tulipewa mtungi na jiko dukani, tukaonyeshwa pa kuwashia, basi. Namna ya kuutazama unapoharibika hatukufundishwa.

Msimu wa karafuu ulipokwisha nilivuka kwenda Saadani kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Wazee wanaijua Saadani kwa habari za Bwana Heri, aliyepigana na Wadachi mwaka 1889. Vijana wanaijua kwa hifadhi ya taifa inayofika mpaka ufukweni. Mimi sasa naikumbuka kwa jiko. Dada alilalamika kuwa moto umekuwa wa manjano na sufuria zinakuwa nyeusi kana kwamba anapikia kuni. Fundi mmoja mpita njia alikuwa amekwisha kulitazama. Alichukua sindano akapanua tundu la gesi, akalipwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo moto ukawa mrefu zaidi na masizi yakazidi.

Asubuhi ya pili tulikuwa jikoni, dada ameshika kibiriti ili achemshe chai. Mtoto wake mdogo akaingia kutoka uani, akasimama mlangoni, akasema, "Mjomba, mbona kunanuka yai viza?" Mimi sikusikia harufu yoyote, wala dada hakusikia. Nikamwambia, "Dada, weka kibiriti chini." Akaniangalia, akakiweka.

Pua ikikaa katika harufu moja huizoea, ikaacha kuisikia. Ndiyo sababu aliyetoka nje ndiye anayejua kwanza. Mchuma karafuu anayeshinda juu ya jamvi ajihadhari zaidi, kwani pua yake ina kazi nyingine tayari. Tena gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kutuonya. Harufu ile mbaya hutiwa kwa makusudi. Watu walijifunza hayo kwa msiba: tarehe 18 Machi 1937, huko New London katika jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyonuka ilijikusanya chini ya sakafu ya shule ikalipuka, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria ikataka gesi itiwe harufu.

Sasa tuitazame tabia ya kitu hiki. Gesi ya mtungi ni propani na butani, iliyoshindiliwa mpaka ikawa kama maji. Lita moja ya maji hayo ikitoka hupanuka ikawa lita kama 250. Nayo ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini bali hushuka, ikatambaa sakafuni, ikajaa chini ya meza na katika mashimo. Msiichanganye na gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, kwani ile ni nyepesi na hupanda juu. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi kwa mtungi. Mlango ndio unaoitoa.

Fanyeni hesabu hii. Jiko la mita 3 kwa 3, lenye kimo cha mita 2 na nusu, lina lita 22,500 za hewa. Gesi ikifika sehemu 2 katika 100 huweza kushika moto, nazo ni lita 450, yaani kama kilo moja tu ya gesi. Mtungi mdogo una kilo 6. Na kwa kuwa gesi hulala chini, pale sakafuni hatari huanza hata kabla ya kilo hiyo kutimia.

Basi mkisikia harufu, fanyeni tuliyoyafanya sisi. Usiwashe kitu wala usizime kitu: taa, feni, redio, simu, vyote viache vilivyo, kwani cheche ya swichi yatosha. Funga koki ya mtungi. Fungua milango na madirisha, watoe watoto. Kama kuna moto chumba cha pili, watu watoke kwanza. Simu ipigwe ukiwa nje, mbali. Kwa Tanzania Bara zimamoto ni namba 114. Sisi tulikaa chini ya mkungu karibu saa nzima, shemeji akinuna kwa kukosa chai.

Kisha tukatafuta penye tundu. Msitafute kwa kibiriti! Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, na mmoja hana nyusi mpaka leo. Koroga sabuni katika maji mpaka ipate povu, hakikisha visu vyote vya jiko vimefungwa, fungua koki kidogo, upake povu kwenye koki, kwenye regyuleta, kwenye mpira wote na ncha zake mbili. Panapovuja hutoa mapovu yanayokua. Kwetu yalitokea pale mpira unapoingia jikoni: ulikuwa umekauka na kupasuka, na kibano chake kimeliwa na kutu. Saadani kuna mashamba ya chumvi, na upepo wa bahari hauachi chuma. Nasi wa visiwani ni vivyo hivyo. Mpira uliopasuka haufungwi kwa gundi wala kwa kitambaa. Hununuliwa mwingine uliotengenezwa kwa gesi, si wa kumwagilia bustani, na kibano cha skrubu kila upande. Kisha pakeni povu tena.

Povu likitokea kwenye koki ya mtungi wenyewe, hapo kazi yenu imekwisha. Usiifungue kwa spana. Mtungi uchukuliwe nje, usimame wima mahali pa wazi, mbali na kisima na mtaro, muuzaji aitwe auchukue. Na kama moto umekwisha kushika kwenye koki wala huwezi kuifunga, usiuzime. Gesi itokayo bila kuwaka hujikusanya ikatafuta moto mwingine. Ondokeni mbali.

Ule moto wa manjano una sababu yake. Moto mzuri ni wa samawati, mfupi, usio na masizi. Wa manjano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha: vitundu vya kichwa cha jiko vimeziba kwa mafuta na kutu, au buibui amejenga katika bomba la hewa. Jiko lipoe, koki ifungwe, kifuniko kioshwe kwa maji moto na sabuni, kikaushwe kabisa, bomba lipigwe brashi laini. Tundu la gesi lenyewe hupulizwa tu. Lina kipimo chake, na likipanuliwa kwa sindano halirudi tena. Ilitubidi kununua jipya. Usidharau manjano hayo: moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua waliolala katika chumba kilichofungwa. Mtu akiumwa kichwa na kutapika jikoni, atolewe nje kwanza, maswali baadaye.

Mambo madogo mawili. Moto ukidhoofika usiulaze mtungi wala usiupashe kwa maji moto. Upime kwenye mizani, utoe uzito wa chuma ulioandikwa juu yake, utajua kilichobaki. Na wakati wa kuwasha, kibiriti kitangulie, kisu cha jiko kifuate.

Mpira, vibano viwili na tundu jipya tulivipata Bagamoyo siku ya tatu. Chai ya siku zile mbili dada alichemsha kwa makaa, na kila alipotaka kuingia jikoni alimtuma mtoto atangulie anuse.