Hedhi Inapokoma, Upendo Haukomi



Ni usiku wa Julai, na baridi ya Mlima Kenya imeshuka hadi Nkubu na Runyenjes. Baba amejifunika blanketi mbili, lakini mama anazitupa kando, jasho likimtoka. Asubuhi anaamka amechoka na mwepesi wa hasira. Mumewe akimkaribia, anamgeuzia mgongo. Baba anajiambia, "Mke wangu amenichoka." La, ndugu yangu. Huenda hedhi yake inakoma.

Kwa kawaida jambo hili hutokea kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inapopungua mwilini. Kwanza hedhi huvurugika: mara huja mapema, mara hukosa kabisa. Ikipita miezi 12 mfululizo bila hedhi, ndipo husemwa imekoma. Kabla ya hapo mimba bado yawezekana. Ninyi mnaofuata mpango wa asili, mwoneni mwalimu wenu, maana dalili za mwili huwa ngumu kusoma wakati huu.

Dalili nyingine ni joto la ghafla usoni na kifuani, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, huzuni, na ukavu ukeni ambao hufanya tendo la ndoa liume. Hapa ndipo nyumba hupata ufa: mama huona haya kusema, naye baba hudhani amekataliwa.

Mama, mweleze mumeo mahali unapoumia. Baba, usimdhihaki wala usitafute faraja nje. Mpunguzie kazi ya kahawa na kuni, nawe uwe na subira. Kanisa hufundisha kwamba ndoa ni kwa manufaa ya mume na mke pia, si kwa kuzaa peke yake.

Maziwa, mboga za majani na kutembea huisaidia mifupa, ambayo hudhoofika wakati huu. Ukavu una dawa ya kulainisha, na joto likizidi, daktari ana tiba baada ya kumpima mama. Lakini damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12, hata kidogo, msingoje. Nendeni pamoja Hospitali ya Consolata ya Nkubu au ya Kyeni, au iliyo karibu nanyi, kwa kuwa yaweza kuwa dalili ya saratani. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, vilevile mwoneni daktari.

Jioni ya leo, watoto wakishalala, ulizaneni:

1. Ni badiliko gani mwilini mwangu ambalo sijakuambia?
2. Ni lini nilidhani umenikataa, kumbe ulikuwa unaumwa?