Somo la Ushirika: Kuchagua Mashine Ndogo ya Randa

Maombi ya mkopo wa mashine huipa kamati ya chama kazi ngumu. Mbegu na mbolea wajumbe huzifahamu, lakini mashine aghalabu huidhinishwa kwa kutazama picha na bei tu. Mashine isiyofaa ikishanunuliwa, deni hubaki palepale. Mwanachama akishindwa kulilipa, mzigo huwaangukia wadhamini wake. Madhumuni ya somo hili ni kumsaidia katibu kuuliza maswali yafaayo kabla hundi haijatiwa sahihi. Mfano uliochaguliwa ni mashine ya randa ya unene, ile ndogo inayowekwa katika karakana ya nyumbani.

Kazi yake

Mashine hii ina meza, na juu ya meza kuna rola mbili na mhimili wenye visu. Rola huuvuta ubao, visu huukwangua upande wa juu, na ubao hutoka ukiwa na unene mmoja toka ncha hadi ncha. Hapo ndipo wengi hukosea: mashine hii hulinganisha unene, hainyooshi. Ubao uliopinda hukandamizwa na rola ukapita, kisha hurudia kupinda kwake. Basi mwombaji hana budi kuwa na randa ndefu ya mkono, au mashine ya kunyooshea, ili kwanza aupate uso mmoja ulio sawa.

Ukubwa

Nyingi za mashine hizi hupokea ubao wenye upana wa sentimita 30 hadi 33 na unene wa sentimita 15, na huondoa milimita 3 kwa mara moja, tena pungufu ya hapo kwa mbao pana au ngumu. Kwa fundi wa milango, madawati na makabati hiyo yatosha. Anayepasua magogo na kuranda mbao mchana kutwa anahitaji mashine kubwa ya kusimama. Hii ndogo itamchakaa upesi.

Umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230. Mashine za Marekani hutumia volti 120, na zile za kazi za ujenzi nchini Uingereza mara nyingi hutumia volti 110. Mashine kuukuu ya namna hiyo ikiunganishwa moja kwa moja na umeme wetu, mota huungua. Kibao cha mashine kisomwe kabla ya kulipa. Mota ya wati 1,800 huvuta karibu ampea 8. Waya mwembamba na mrefu hupata moto na kuidhoofisha.

Visu

Bei ya mashine hulipwa mara moja, lakini visu hununuliwa daima. Msonobari wa Sao Hill ni laini. Mvule, kinyume chake, huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, navyo huharibu makali kwa ghafla. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mashine ya kwanza ni shilingi 900,000 na seti ya visu vyake 90,000. Ya pili ni shilingi 1,100,000 na seti ya visu 40,000. Seremala anayemaliza seti 6 kwa mwaka atakuwa ametumia shilingi 1,440,000 kwa ile ya kwanza, na 1,340,000 kwa ile ya pili. Iliyoonekana rahisi dukani imekuwa ghali karakanani. Tena yapasa kuuliza kama visu, mikanda na kaboni za mota hupatikana mjini, na kama visu hivyo vyaweza kunolewa au hutupwa.

Jaribio

Mnunuzi aende dukani na ubao wake ulionyooshwa, uwe na urefu wa mita moja. Ukishapita, apime unene wa kingo zote mbili. Ukitofautiana, visu au meza haviko sawa. Atazame pia ncha: zikichimbika sana kuliko katikati, rola au meza zinahitaji kurekebishwa. Kuchimbika kidogo ni kawaida, na fundi huacha urefu wa ziada wa kukata. Asisahau miwani, vizibo vya masikio na kitambaa cha kuzuia vumbi, maana vumbi la mvule huwasha macho na pua.

Baada ya kununua, tarehe ya kila seti ya visu iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Mwombaji atanyoosha mbao zake kwa kifaa gani?
2. Mashine ni ya volti ngapi, na nani ameisoma?
3. Gharama ya visu kwa mwaka imeingizwa katika hesabu ya marejesho?
4. Ikiharibika, itatengenezwa wapi?

Asiye na majibu asinyimwe mkopo. Apewe muda akayatafute.