MAUA YA CHUNGUNI YASIFUNGIWE GIZANI

Ua dogo la milima ya Usambara, ambalo Hermann Wendland wa Ujerumani alilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893, huuzwa chunguni katika nchi nyingi. Huko kwao humea kivulini mwa msitu; kwa hiyo wachuuzi wengine hudhani ya kuwa giza la ghala halitalidhuru. Sivyo. Mmea hujitengenezea chakula kwa nuru. Ukifungiwa gizani hula akiba yake, na joto likizidi huila upesi zaidi. Matumba huanguka kabla ya kuchanua, majani hugeuka manjano, na mnunuzi huukataa. Heri taa hafifu iwashwe mchana kutwa. Tena chungu kisitolewe ghafula juani, maana majani yataungua.