Kwiri zipi zinalitegemea faili hili?

Swali: Tunataka kupanua faili la wateja kwenye IBM i. Nitazijuaje kwiri za Query/400 zinazolisoma bila kufungua moja moja?

Jibu: Tumia DSPPGMREF. Jina lake linataja programu, lakini kwiri nazo inazisoma: andika PGM(*ALLUSR/*ALL) OBJTYPE(*QRYDFN) OUTPUT(*OUTFILE), utaje na faili la kupokea matokeo. Humo, tafuta jina la faili lako kwenye WHFNAM. WHPNAM ni kwiri, WHLIB maktaba yake.

Wengi hunaswa na faili za kimantiki zilizojengwa juu ya faili lako. Kwiri ikisoma faili la namna hiyo, jina la faili lako halitaonekana kabisa. Basi tanguliza DSPDBR kwa faili lako, uyatafute majina yote itakayokupa kwenye WHFNAM. Sehemu za ndani ya faili hazitajwi. Ukitaka kujua kwiri ipi inatumia sehemu fulani, pole, utazifungua kwiri ulizozipata kwa mkono.