Inzi Wadogo katika Pipa la Mboji

Huko Magomeni, Kilosa, kama penginepo penye joto, pipa la mboji lililo wazi huvutia inzi wadogo. Je, huzaliwa na uozo? La. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alionyesha kwamba mabuu ya nyama iliyooza hutokana na mayai ya inzi. Inzi wa matunda hutaga juu ya maganda yanayochachuka. Katika joto la sentigredi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi. Kwa hiyo pipa lisitupwe wala lisipuliziwe sumu: maganda yafukiwe kwa udongo au majani makavu.

Jaribio: Maganda ya ndizi yatiwe katika chupa mbili, moja ifunikwe kwa kitambaa. Iwapo zote zitatoa mabuu, mayai yalitoka wapi?